Bunduki Iliyorudi Ikiwa Safi

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa ghala walinifanyia sherehe ndogo ya soda na keki, wakanipa saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani walitaka machache ya kufurahisha. Ya kufurahisha ninayo mawili matatu, nayo nitayaweka mwanzoni ili yaishe.

Nilikuwa fundi wa silaha katika ghala la askari wa wanyamapori hapa Mtwara. Idara yenyewe sitaitaja, na wakubwa nitawaita kwa vyeo tu. Baadhi yao bado wako maofisini.

Kabla ya hapo nilikuwa Mikindani, nikitengeneza cherehani katika duka la Mzee Sadru, Mhindi aliyeuza vitambaa na nyuzi. Siku moja aliingia mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiwa amebeba cherehani ya mkewe. Alinitazama nikiifungua, nikiisafisha, nikiifunga. Nilipomaliza akaniuliza, "Kijana, unaogopa bunduki?"

"Sijui," nikamjibu. "Sijawahi kuishika."

"Hilo jibu zuri," akasema. "Wenzako wote niliowauliza walisema hawaogopi."

Huyo ndiye Fundi Athumani Mchopa, na wiki mbili baadaye nilikuwa chini yake. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Alinipa kopo la mafuta, kitambaa, na kreti la skrubu zilizoliwa na kutu, akasema nizisafishe moja moja. Nilizisafisha kwa siku sita. Siku ya saba nikamuuliza skrubu zile ni za bunduki gani. Akasema si za bunduki yoyote, zilitoka kwenye mlango wa zamani wa ghala, alitaka tu kuona kama ninachoka haraka. Shati lile sikulivaa tena.

Adui wetu wa kwanza alikuwa hewa. Wenye kazi hii bara hawajui. Hapa ukiacha chuma kitupu mezani Ijumaa, Jumatatu unakikuta kimevaa kanzu nyekundu. Kwa hiyo tulipaka mafuta, tukafuta, tukapaka tena. Mke wangu alikuwa akisema akinikumbatia anahisi amekumbatia mashine.

Baada ya miezi kadhaa Mchopa alinifundisha boliti. Nitaieleza hapa kwa ajili ya ambaye hajaiona. Ndani ya bunduki zetu kuna kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma kila risasi inapotoka. Hicho ni kibebeo. Ndani ya kibebeo kuna kipande kingine kidogo, boliti, ambacho kinasukuma risasi mpya iingie chemba, tundu inamokaa kabla ya kupigwa, kisha kinajizungusha kidogo na kufunga. Bila kujizungusha hakuna kufunga, na bila kufunga risasi haitoki. Kazi kubwa yote ile inategemea boliti kuzunguka kwa ulaini ndani ya kibebeo chake. Vimezoeana, vimesuguana miaka, na ndiyo maana kila boliti ina namba na haihamishwi hovyo. Kibebeo kikichakaa kikaletwa kipya, lazima vipimwe upya kama wageni wawili wanaopangishwa chumba kimoja.

Mchopa alipima macho yakiwa yamefungwa. Alisimamisha kibebeo, akaiachia boliti ishuke kwa uzito wake, akaizungusha kwa vidole viwili, akaivuta, akairudisha, akaizungusha tena. "Macho yanapenda kitu kipya," alisema. "Kinang'aa, basi yanakipitisha. Funga macho, sikiliza kwa vidole." Mara moja mkaguzi kutoka makao makuu alitukuta sote wawili tumefumba macho mezani, akaandika kwenye daftari lake kwamba mafundi wa Mtwara wanasinzia kazini.

Kanuni yake ilikuwa moja. Vidole vikisita, kataa. Usijieleze, usibishane. Weka kando, funga kitambaa chekundu, andika. Alistaafu, akarudi kwao Newala, akafa huko. Ya kufurahisha yameishia hapo.

Sasa niwaambie kuhusu Bakari Lipwata, ambaye ninyi mmemsikia darasani kwa namna nyingine.

Bakari alikuwa askari wetu, mwenyeji wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Tuliingia kazini karibu pamoja. Mimi ndiye niliyemsimamia alipomwoa Zainabu. Alikuwa mtu mrefu, mchekeshaji, mwenye tabia moja iliyoniudhi. Akirudi doria hakurudisha bunduki ghalani mpaka aketi kwenye benchi chini ya dirisha langu, aifungue yote na kuisafisha kwa mswaki wa zamani, kipande kwa kipande, huku akinisimulia habari za mpira ambazo sikuwa nimemuuliza. Kuisafisha ilikuwa kazi yangu. Nilimwambia mara nyingi, "Bwana, nenda nyumbani, mkeo anakungoja." Alinijibu, "Hii nayo ni mke, ukimdharau anakuaibisha mbele za watu."

Mwaka ule tembo walivuka mto kuliko kawaida. Waliingia mashamba ya mihogo na mpunga, wakavunja vihenge, na kule Kitaya walimuua mzee mmoja aliyekuwa akifukuza kundi kwa kupiga debe. Watu wa kijiji walikuja ofisini kwetu kwa lori, wakasimama uani, wakasema hawaondoki mpaka wapewe askari. Bunduki zetu zilikuwa zimechoka, na vibebeo vipya vilikuwa vimefika wiki ile ile katika sanduku la mbao, kila kimoja kimefungwa karatasi ya mafuta.

"Vimepimwa kiwandani," mkuu wa kituo aliniambia. "Wewe kazi yako kuvifunga tu. Kesho kutwa kikosi kinaondoka."

Nilivipima vyote kwa macho yaliyofumbwa. Vinne vilisita. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa na ukwaruzo mdogo ndani, mahali boliti inapojizungushia, mabaki ya mashine tu. Nilivisugua kwa msasa laini kidogo kidogo nikipima kila hatua, vikakubali. Cha nne kilinishinda. Kilikwenda vizuri mara kumi, kumi na tano, kisha vidole vikahisi kitu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Halafu kinakwenda tena vizuri. Nilikiangalia kwa kioo cha kukuzia, sikuona kosa. Nikakifunga kitambaa chekundu, nikaandika.

Dawa yake ilikuwa kukipeleka uwanja wa shabaha, kupiga risasi za kweli mpaka chuma kipate moto, kisha kukifungua na kuona kimegusana wapi. Lakini mvua ilikuwa imeujaza uwanja maji, na njia ya gari ilikuwa imekatika.

Asubuhi ya safari Bakari akaja dirishani. Bunduki yenye kitambaa chekundu ilikuwa yake.

"Salum, wananiambia mimi nabaki."

"Bunduki yako haijawa tayari."

"Ina nini?"

"Sijui ina nini. Ndiyo maana haijawa tayari."

"Umeipiga mara ngapi kwa risasi bandia?"

"Thelathini."

"Ikakwama?"

"Haikukwama. Ilisita."

Alicheka. "Wewe na kusita kwako. Kaka, tembo wako shambani kwa mama yangu. Jana wamelala kwenye mihogo yake, wamelala kama kwao. Mimi ndiye ninayezijua njia za kule, hawa wengine watatembea wakipotezana. Nipe. Nitaitia mafuta mpaka ijute."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama kwenye gari, injini inanguruma. Akapaza sauti, "Fundi, unatuchelewesha!"

Nikaipiga tena mara thelathini mbele ya Bakari. Ilikwenda laini mara zote thelathini. Katika ya ishirini na kitu nilihisi ile pumzi, au nilidhani nimehisi. Nimejiuliza swali hilo tangu siku ile, na jibu langu halibadiliki. Niliihisi. Nikafungua kitambaa chekundu, nikaandika "imefaa", nikasaini.

Alasiri ya siku ya tatu walikutana na kundi ukingoni mwa shamba la mihogo. Haya nimeyasikia kwa Issa, askari aliyekuwa naye. Tembo mmoja dume aligeuka. Bakari alipiga risasi moja hewani kumtisha. Dume halikutishika, likaja. Bakari akashusha bunduki, akalenga, akavuta. Haikulia. Issa anasema alimwona akivuta kishikio kwa nguvu mara mbili, mara tatu, bila kurudi nyuma hata hatua moja, kwa sababu nyuma yake walikuwepo wanawake wawili waliokuja kuchimba mihogo iliyobaki. Issa mwenyewe alipiga, dume likaanguka, lakini lilikuwa limeshafika.

Tulimzika Kitaya kesho yake kabla ya adhuhuri. Mama yake hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye mkeka akishika mguu wake mwenyewe kama unauma.

Bunduki ililetwa mezani kwangu imefungwa kwenye gunia. Mkuu wa kituo alisema nisiiguse mpaka wachunguzi wafike, nami nikaigusa mara tu alipotoka. Nilifunga mlango, nikaifungua. Ilikuwa safi. Mafuta yalikuwa mapya, membamba, yamepakwa na mtu anayejua. Hapakuwa na mchanga wala tope wala jani, ila masizi kidogo ya ile risasi moja. Boliti ilikuwa imenasa nusu ya kujizungusha. Nilipoitoa, nikaona ndani ya kibebeo, upande ambao kioo changu hakikuwa kimenionyesha, alama mpya inayong'aa, nyembamba kama ukucha wa mtoto. Chuma kilikuwa kimepata joto kidogo tu, kikabana.

Nilikaa na kile kibebeo mkononi muda mrefu. Kisha nikairudisha boliti ilivyokuwa, nikafunga gunia.

Wachunguzi walikuwa watatu, watu wa nje ya mkoa, wenye heshima na haraka. Waliitazama bunduki mezani kwangu. Mmoja akaniuliza, "Fundi, ilipotoka hapa ilikuwa sawa?"

Nikasema, "Nilisaini kwamba imefaa."

"Inaweza kukwama kwa uchafu?"

"Bunduki yoyote inaweza kukwama kwa uchafu."

"Na kule walikokuwa, kuna matope?"

Nikasema, "Bonde la Ruvuma lina matope."

Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka yalivyo. Hamtapata uongo hata mmoja ndani yake. Mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi. Taarifa ilipotoka iliandika kwamba silaha ilishindwa kufanya kazi kwa sababu ya uchafu uliotokana na uzembe wa mtumiaji.

Mtumiaji alikuwa amekufa, hakuweza kubisha. Mimi nilikuwa hai, nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba ninanyamaza ili nibaki, ili nivikague vilivyosalia kusije kukafa mwingine. Na kweli nilivikagua. Nilipata vingine viwili vya kutiliwa shaka, na safari hii sikufunga kitambaa chochote. Nilivibana kwenye jiliwa, nikavikata kwa msumeno, vipande viwili viwili, ili asitokee mtu wa kunibembeleza. Nilipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya serikali. Hiyo barua ninayo nyumbani. Watu wengine hutundika vyeti.

Lakini yule aliyekufa hakupata faida yoyote kwa misumeno yangu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha wakaletwa askari wapya, nami nikaalikwa nikae darasani ili nijibu maswali ya ufundi. Mkufunzi, kijana mwema, mwenye sauti nzuri, aliandika ubaoni neno USAFI. Akasema, "Kulikuwa na askari wetu mmoja anaitwa Bakari Lipwata. Alikuwa mvivu wa kusafisha silaha. Tembo alimfundisha. Msiwe kama Bakari." Darasa likacheka, kicheko kile cha wanafunzi kumfurahisha mwalimu. Msichana mmoja wa mbele aliandika jina lile kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Mkufunzi akanigeukia. "Fundi, una la kuongeza?"

Nilisimama. Nilitaka kusema. Nikatazama lile neno ubaoni. Nikasema, "Safisheni silaha zenu," nikakaa.

Wiki ile ile nilipanda gari kwenda Kitaya. Zainabu alikuwa amehamia huko kwa mama mkwe wake, akilima naye. Nilimkuta uani akianika ming'oko, vile viazi vya porini. Alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaleta chai. Nikamweleza yote, kuanzia kitambaa chekundu mpaka matope. Sikuacha hata ile pumzi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nimeishi naye. Mtu anayeosha hata jembe kabla ya kulala, aache bunduki na tope?" Akageuza ming'oko juani. "Niliposikia wanavyosema, nilingoja. Nikasema Salum yupo. Salum atasema. Siku ya arobaini ulikuja, ukala, ukaomba dua, ukaondoka. Nikasema labda bado anatafuta maneno."

"Niliogopa, shemeji."

"Uliogopa nini?"

Nikasema, "Kuambiwa kwamba ni mimi."

"Na mimi naambiwa nini, unajua? Mwanangu Zuhura shuleni anaitwa mtoto wa mvivu. Unaniletea mimi haya nifanye nayo nini? Mimi siandiki taarifa. Nenda kawaambie walioandika."

Nikaenda. Niliandika barua ya kurasa mbili, mwandiko wangu, bila kumsingizia mtu. Niliandika kwamba silaha ilirudi ikiwa safi, kwamba kosa lilikuwa katika kibebeo kipya, kwamba nililihisi na nikasaini. Niliomba taarifa irekebishwe na jina la marehemu lisafishwe, na mimi nichukuliwe hatua wanayoona inafaa. Niliipeleka kwa mkono. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa mwingine, mtu mpole. Aliniita, akafunga mlango. "Mzee Salum, umebakiza miezi. Unatafuta nini?"

"Natafuta waandike upya."

"Faili limefungwa. Wale watatu mmoja kafariki, wawili wamehama. Nani ataandika upya? Nikikuchukulia hatua wewe, lazima nieleze kwa nini, na nikieleza kwa nini, lazima nilifungue faili. Unaona?"

Niliona. Nilikuwa nimetengeneza mashine nyingi maishani, na ile ilikuwa imefungwa vizuri kuliko zote. Nilingoja jibu la maandishi. Nikakumbusha mara mbili. Mkufunzi aliambiwa asitaje tena jina, akatii. Sasa anasema "askari mmoja wa Kitaya". Kule Kitaya askari alikuwa mmoja tu.

Kwa hiyo ninyi mliopokea meza yangu, sina mengi. Tupa ndogo yenye mpini wa mpingo ilikuwa ya Mchopa, msiipeleke kunoa visu vya jikoni. Droo ya chini inabana wakati wa masika, ivuteni kwa upande wa kushoto. Na siku mtu mnayempenda atakaposimama dirishani akicheka, gari linanguruma, na vidole vyenu vimesita, mtakuwa peke yenu. Hakuna atakayewasaidia, na kanuni ya Mchopa mtaikumbuka vizuri sana, kama mimi nilivyoikumbuka. Kukumbuka hakutoshi. Sijui ni nini kinachotosha. Ningelijua, ningeliandika hapa.

Wiki iliyopita nilirudi Kitaya na nakala ya barua yangu yenye muhuri. Sikuwa na kitu kingine cha kupeleka. Mama yake Bakari alikuwa kibarazani akimenya muhogo, Zainabu kando yake. Zuhura, sasa yuko darasa la saba, akaambiwa asome kwa sauti. Alisoma vizuri, akikwama tu kwenye maneno ya ufundi. Alipofika katikati, bibi yake akainua kisu.

"Rudia hapo."

"'Silaha ilirudi ghalani ikiwa safi, imepakwa mafuta ipasavyo.'"

"Rudia."

Zuhura akarudia. Bibi akatazama chini, kwenye maganda.

"Kumbe mwanangu alisafisha," akasema.

Baadaye akaniuliza, bila kuniangalia, "Na wale walioandika mwanzo, wataandika tena?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Akaichukua ile barua mkononi mwa mjukuu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaendelea kumenya. Nilikaa kidogo, nikaaga. Zainabu aliitikia akiwa ameketi. Nikatoka uani, nikashika njia ya barabarani mwenyewe, na nilipogeuka kwenye kona kuangalia nyuma, hapakuwa na aliyesimama kunisindikiza.